Kipimo cha Jumapili

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mmesikia taarifa, naomba walio juani wasogee chini ya turubai, na walioketi nyuma karibu na lango kwa sababu ya kukohoa wasione haya, wakohoe tu, tutawasubiri, maana nitakayoyasoma ni marefu kidogo, na aliyeagiza yasomwe yote bila kurukwa ni yeye mwenyewe tuliyemzunguka hapa.

Mimi ni dada yake, wa tatu kuzaliwa katika watoto wanne, na kwa miaka thelathini na mmoja nimefundisha darasa la kwanza, kwa hiyo mtanisamehe nikisoma polepole. Wiki tatu kabla ya kufariki, kaka alinikabidhi ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wake, umekunjwa mara nne, akaniambia unahusu ukumbi wa unga wa kiwanda cha vigae na saini aliyoiweka miaka kumi na minane iliyopita, na kwamba anaiondoa saini hiyo mbele ya watu, kwa kuwa akiwa hai alishindwa. Juzi jioni ukoo ulikaa kuujadili ukurasa huo, na baba yetu mdogo, kwa upole wake wote, alisema kwamba marehemu husindikizwa kwa mema yake, na kwamba watoto wana jina la kulinda. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tulimgeukia mjane, wifi yangu, naye alisema, "Alinyamaza akiwa hai, msimnyamazishe tena. Wifi, utausoma." Basi nitausoma, ila kila jambo na mahali pake.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1963, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, akiwa mtoto wa kwanza wa mwokaji na mshonaji, na mama yetu alikuwa akipenda kusema kwamba alimfunga nguo ya kwanza yenye harufu ya hamira. Baba alikuwa na tanuri la matofali linalotumia kuni, na kila asubuhi, kabla ya kuingiza mikate, alipitisha kiganja kando ya mlango wa tanuri akitafuta mahali joto linapotokea, akipata ufa anauziba kwa udongo mbichi. Alimfundisha kaka kazi hiyo akiwa na miaka sita. Sisi wadogo tulidhani ni mchezo, lakini yeye aliuchukua kama sala, na mpaka uzee wake, akiingia nyumba ya mtu, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kingo za mlango.

Alianza elimu ya msingi mwezi Januari 1971, katika shule iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao, akamaliza Novemba 1977, akaendelea na sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alisomea mitambo kwa miaka mitatu na kuhitimu tarehe 14 Desemba 1984. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake wa karakana aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu husikiliza mashine kabla ya kuigusa, na baba alimsomea mama sentensi hiyo mara mbili, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama ni sifa au ni lawama.

Jumatatu ya tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae, kile chenye mabomba mawili ya moshi mnachokiona mkitoka kituo cha mabasi, akawekwa kwenye chumba cha kompresa, mashine zinazobana hewa na kuisukuma kwenye mabomba ya kiwanda kizima, kwa kuwa karibu kila mkono wa mashine pale husogezwa na hewa. Zilikuwa kompresa tano, zinaunguruma usiku na mchana, na bado mafundi walilalamika kwamba hewa haitoshi, wakawa wanaomba ya sita. Kaka, mgeni wa miezi minane, aliomba ruhusa ya kuja Jumapili, siku ambayo mashine nyingi zimepumzika na kompresa zimeachwa, akatembea peke yake na ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi, akisikiliza. Kila aliposikia mlio mwembamba alipaka povu, povu likifura anafunga kitambaa chekundu. Baada ya Jumapili saba kiwanda kilikuwa kimejaa vitambaa vyekundu mia mbili na kumi na viwili, wenzake wakamuuliza kama anaoza binti, lakini matundu yalipozibwa, kompresa ya sita haikununuliwa, na ya tano ilizimwa ikabaki ya akiba, maana kumbe miaka yote ilikuwa ikifanya kazi ya kulisha matundu. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Sikio, na hata mishahara yake ililetwa mezani ikiitwa ya Sikio.

Mwaka 1998 aliona jambo jingine ambalo wote walilipita kila siku. Vigae vikitoka kwenye tanuri hupozwa kwa hewa, na hewa ile, ikiwa ya moto kiasi cha kuweza kuchemsha sufuria, ilikuwa inatupwa juu ya paa, wakati hatua arobaini kutoka hapo, kwenye chumba cha kukaushia, mafuta yalikuwa yakichomwa ili kupata joto lile lile. Alilichora jambo hili kwenye ubao wangu wa darasa, siku ya likizo, akitumia chaki zangu zote za rangi, na aliponiuliza kama nimeelewa nilimjibu kwamba ni kama mama anayemwaga maji ya moto nje huku akiwasha jiko kuchemsha mengine. Akacheka, akasema atawaambia mameneja hivyo hivyo. Mwezi Mei 1999 bomba kubwa la bati lilijengwa, joto la tanuri likapelekwa kwenye chumba cha kukaushia, na mafuta ya chumba hicho yakapungua kwa zaidi ya nusu. Tarehe 1 Julai 2003 alifanywa mkuu wa kitengo cha nishati, kitengo cha watu watatu na meza mbili.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992 na mpishi wa kantini ya kiwanda, ambaye alimpendea, kwa maneno yake mwenyewe, namna anavyofunika sufuria. Walijaliwa watoto watatu, wa kike waliozaliwa tarehe 3 Aprili 1994 na tarehe 27 Oktoba 1997, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 12 Januari 2001, wote wapo hapa mbele. Nyumbani watoto walimwita Zima, kwa sababu ya taa, na mimi mwenyewe nimewahi kuzimiwa taa nikiwa na tonge mkononi, kwa kuwa alinisikia nimenyamaza akadhani nimeshakwenda kulala. Mwanawe wa kiume husema kwamba kwa baba, hata kivuli chako kilipaswa kuomba ruhusa. Alikuwa baba wa vicheko vya namna hiyo, na naomba watoto wasiache kuvisimulia kwa sababu ya yanayofuata.

Mwaka 1999, mdogo wa mwisho wa wifi yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuja kuishi nao, na tarehe 6 Machi 2000 kaka alimwombea kazi katika ukumbi wa unga. Kwa wasiopajua, ukumbi wa unga ni mahali ambapo udongo na mawe yaliyosagwa na kukaushwa yakawa unga huingizwa kwenye mashine sita kubwa, zinazoukandamiza uwe kigae, na juu ya kila mashine kuna mdomo wa bati unaofyonza vumbi, na midomo yote huvutwa na feni nne zilizo ukutani. Kijana yule alikuwa na mluzi ambao sijasikia mwingine, alipigia wenzake ishara ya kusimamisha mkanda, ishara ya chakula, na ishara ya kwamba msimamizi anakuja, juu ya kelele zote zile, nao wakamwita Mluzi. Nyumbani alikuwa akipiga mluzi bafuni, na kaka alimwambia kwamba ndiye mtu pekee anayevuja hewa bila kufungiwa kitambaa.

Sasa naingia mahali ambapo baba mdogo aliniomba nipite haraka. Sitapita haraka, ila nitajaribu kupaeleza kama ninavyowaeleza watoto.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 kiwanda kilitaka kupunguza umeme ili kipate cheti cha matumizi bora ya nishati, na kaka alitazama feni nne za ukumbi wa unga. Feni ina tabia moja ambayo si rahisi kuiamini. Ukimwambia mtoto akimbie kwa mwendo mara mbili, utadhani atachoka mara mbili, lakini feni huchoka mara nane, na kwa hiyo ukiipunguzia mwendo kidogo tu, sehemu moja katika tano, umeme wake unapungua karibu nusu. Kaka aliliona hilo kama zawadi iliyolala chini bila mwenyewe. Sharti lilikuwa moja, kwamba apime vumbi kwanza, ahakikishe mwendo mdogo bado unatosha kulivuta, na ajaze fomu na kuisaini.

Alipima Jumapili, tarehe 11 Juni 2006. Mimi niliwahi kumuuliza kwa nini Jumapili, naye akaniambia kwamba hakuwa na hila yoyote, ila siku ile ndiyo siku yake, siku aliyozoea kutembea na kusikiliza, hakuna wa kumpisha wala wa kumsukuma, na sifa zote alizokuwa nazo kazini alizipata Jumapili. Mashine mbili zilikuwa zikifanya kazi, nne zimezimwa. Kipimia vumbi alikining'iniza ukutani karibu na mlango, mahali ambapo palikuwa na msumari. Matokeo yalikuwa mazuri. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza hali ya kazi wakati wa kupima, naye akaandika kwamba ni ya kawaida, akasaini, na Jumatatu ya tarehe 3 Julai feni zikapunguzwa mwendo. Cheti kilitolewa tarehe 23 Machi 2007, kaka akapewa nakala yenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya redio, na sote tulipiga picha chini yake, mimi nikiwemo.

Wa kwanza kuona alikuwa wifi yangu, na hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Kutoka ukumbi wa unga hadi kantini ni hatua mia moja na hamsini, na yeye, akiwa nyuma ya dirisha la kupakulia, aliona kwamba watu wa ukumbi ule, ambao zamani walikuwa wa kwanza kufika, sasa walikuwa wa mwisho, na kwamba walikuwa wanaketi njiani kwenye ukingo wa mtaro, wengine mara mbili, kabla ya kufika. Alimwambia mumewe mwaka 2009, akamwambia tena mwaka 2010. Mara zote mbili kaka alimjibu kwamba alipima. Hakumjibu kwa ukali, alimjibu kwa upole wa mtu mwenye karatasi.

Mwaka 2011 Mluzi aliacha kupiga mluzi. Wenzake walisema kijana amekua, amekuwa mtu mzima, na kaka mwenyewe, mezani, mbele yetu, alimtania kwamba tangu apate mchumba hewa yote anampelekea yeye. Mluzi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akaondoka mezani kwenda nje. Kaka, aliyeweza kusikia tundu la sindano kwenye bomba lililo juu ya dari, hakusikia hilo. Haya ni maneno yake, si yangu, aliyarudia mara nyingi sana hospitalini siku zake za mwisho, katika kitanda namba sita, na kila mara nilimwambia apumzike.

Jumatatu, tarehe 18 Februari 2013, Mluzi alipigwa picha ya kifua katika hospitali ya rufaa, na daktari, kabla ya kusema lolote, alimuuliza anafanya kazi wapi. Lilikuwa vumbi la mawe, limeganda ndani ya mapafu, na halitoki. Kaka alirudi nyumbani hakula. Jumatano, tarehe 20, saa nne asubuhi, alichukua kipimia vumbi kile kile, akaingia ukumbi wa unga mashine zote sita zikifanya kazi, na safari hii hakukitundika ukutani, alikifunga kifuani mwa mfanyakazi mmoja anayeinama kwenye mashine. Vumbi lilikuwa zaidi ya mara nne ya lile la Jumapili. Aligeuza ndoo, akaikalia pale pale katikati ya ukumbi, watu wakampita na mikokoteni yao wakidhani anasikiliza kitu. Kisha akaenda ukutani, akaongeza mwendo wa feni zote nne kwa mkono wake.

Kesho yake zilikuwa zimerudishwa chini. Aliandika barua kwa uongozi wa wakati ule tarehe 25 Februari, nyingine tarehe 9 Aprili, na ya tatu tarehe 2 Septemba, na jibu lilikuwa moja, kwamba kipimo halali cha ukumbi ni kile cha mwaka 2006, kilichofanyika katika hali ya kawaida ya kazi na kusainiwa na mtaalamu wa kiwanda. Karatasi yake ilimjibu yeye mwenyewe. Na wagonjwa walipokwenda zahanati ya kiwanda kuuliza, walionyeshwa karatasi hiyo hiyo, wakaambiwa waache sigara, hata wale ambao hawajawahi kushika sigara maishani mwao.

Mtauliza kwa nini hakusimama kantini akawaambia watu. Nami nilimuuliza. Alisema alikwenda mara moja, zamu ya mchana, akafika mpaka kwenye mtaro, akaona watu wanne wamekaa wanatafuta pumzi, mmoja akampisha ili naye akae, akisema, "Karibu Sikio, hapa ndipo kituo chetu." Akakaa nao, wakazungumza habari za mpira, kengele ikalia, wakaondoka. Aliogopa cheo chake, aliogopa macho ya mkewe, na zaidi aliogopa ukarimu ule.

Alishusha cheti ukutani mwaka huo huo. Mahali kilipokuwa, rangi ya ukuta ilibaki mpya, mraba mdogo mweupe juu ya redio, na hakukubali upakwe rangi.

Mluzi alifariki Ijumaa, tarehe 8 Agosti 2014, akiwa na miaka thelathini na minne. Siku mbili kabla, kaka alikuwa amekaa kando ya kitanda chake, amekuja kumwambia, ameyapanga maneno njia nzima, lakini mgonjwa alitangulia kusema, kwa pumzi fupi fupi, "Shemeji, zile feni zamani zilikuwa zinaimba. Siku hizi zinanong'ona." Kaka alimtengenezea mto, na Mluzi akafumba macho, na kama alijua au hakujua, sisi hatujui. Wiki moja baada ya maziko kaka alimwambia mkewe yote. Wifi yangu alihamia chumba cha mabinti kwa mwaka mmoja na miezi minne, akapika, akafua, akaweka chakula mezani, na kama kuna la lazima aliiambia meza. Ameniruhusu niliseme hili, na ameniruhusu pia niseme kwamba alirudi, bila kusema amesamehe, akasema tu kwamba chumba cha mabinti kina baridi.

Miaka iliyobaki kaka aliitumia kwa jambo moja. Alijua kwamba uongozi haukatai feni, unakataa umeme wa feni, kwa kuwa cheti kinahesabu umeme ulionunuliwa, basi akatafuta umeme usionunuliwa. Paa la kiwanda lina ukubwa wa viwanja vitatu vya mpira, na jua hulipiga mwaka mzima bila kazi. Alipanda paa lile Jumapili baada ya Jumapili akipima, ila sasa alipima pia Jumatatu, na Jumanne, na siku za mawingu, akajaza madaftari manne. Mwaka 2016 alikuja meneja mpya, mhandisi mwanamama, akayasoma madaftari yote manne, akakubali. Kaka aliomba neno moja tu liandikwe kwenye mpango, kwamba waya wa kwanza kutoka kwenye paneli za jua uende kwenye feni za ukumbi wa unga, na kwamba usiku, jua lisipokuwepo, feni zisishushwe, umeme uliookolewa mchana ndio uhesabiwe kufidia wa usiku. Ijumaa, tarehe 3 Machi 2017, saa tano na robo asubuhi, feni zilipanda mwendo kamili, na watu wa ukumbi waliinua vichwa, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamewahi kuzisikia zikiimba.

Lakini vifua vilivyokwisha kujaa havikupungua. Paneli nazo zilikuwa zikififia kila baada ya wiki mbili, na kaka alipogundua kwamba kinachozifunika ni vumbi lile lile linalotoka kwenye matundu ya hewa ya paa, akazifuta kwa kitambaa cheupe, akakipeleka kitambaa kwenye kikao, akakiweka mezani mbele ya vikombe vya chai, na kusema kwamba kioo kimepata wa kukifuta. Baada ya hapo vichujio vikafungwa. Karatasi ya mwaka 2006, hata hivyo, ilibaki kwenye faili la zahanati, na mwanamama yule alipohamishwa mwaka 2019, hakuna mwingine aliyetaka kuligusa.

Alistaafu Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2023. Mwezi Oktoba alianza kuumwa tumbo upande wa kulia, tarehe 16 Januari 2024 madaktari wakatuambia ni saratani ya ini, na imechelewa. Aliniagiza niseme wazi kwamba hakufa kwa vumbi, kwa kuwa alijua mtu akisikia habari yake atataka kuamini hivyo, na huruma hiyo hakuitaka. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho, hewa ya oksijeni ikivuja kwenye kiungo cha bomba la kitanda cha jirani, ni yeye aliyemwita muuguzi, naye hakuwa na nguvu ya kugeuza shingo. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mkewe, binti yake mkubwa, na mimi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miezi minane.

Sasa nasoma ukurasa wake kama ulivyo.

"Mimi ninayeitwa Sikio nilipima vumbi la ukumbi wa unga Jumapili, tarehe 11 Juni 2006, mashine mbili zikifanya kazi na nne zimezimwa, chombo kikiwa mlangoni. Niliandika hali ya kawaida. Haikuwa ya kawaida. Kipimo kile si cha kweli na saini yangu naiondoa. Kipimo cha kweli ni cha Jumatano, tarehe 20 Februari 2013, nacho nimekiandika nyuma ya ukurasa huu. Mluzi, Kocha, Pacha na Mzee wa Kofia, wote wa ukumbi ule, wamekwisha kufa. Saba waliobaki na vumbi kifuani wanajijua. Yeyote atakayeambiwa kwamba kifua chake ni sigara, achukue nakala ya ukurasa huu, aende nayo kwa daktari yeyote. Sikuombi msamaha kwa maandishi, shemeji yangu. Ulinipa nafasi ya kukuomba ukiwa hai, nikakutengenezea mto."

Huo ndio mwisho wa ukurasa.

Nakala saba ziko kwenye bahasha, binti yake wa pili atazipeleka kule nyuma, msisimame, atawafuata mlipo. Nakala ya nane nimeagizwa niwakabidhi mkononi viongozi wa kiwanda walioketi safu ya pili, na nitafanya hivyo nikishuka hapa, kabla ya jeneza kuinuliwa, ili watu waone imepokelewa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemruhusu aweke mkono wake kwenye ukingo wa dirisha. Tunawashukuru majirani, waliotuletea viti, maji na mikono yao. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kitengo cha nishati, na mwanamama mhandisi, ambaye amesafiri siku nzima kufika. Na watu wa ukumbi wa unga, ninyi mliokuja kumzika mkijua au msijue, sina neno la shukrani linalowatosha, nimelitafuta tangu juzi.

Najua ni kawaida sasa tusimame na kukaa kimya kwa dakika moja. Marehemu ameomba tusifanye hivyo. Amesema kimya chake kimetosha, na kwamba dakika hiyo wapewe wenye kukohoa, wapumue, na sisi tuwasikilize.

Kaka, Sikio, mwana wa mwokaji, mlango sasa umefungwa na ufa tumeuziba pamoja nawe. Kapumzike, na amani uliyoshindwa kuipata Jumapili zote zile ikukute huko uliko.